Spika Zilizotazama Bondeni

Ukiongeza spika, moja igeuzie ndani.

Maneno hayo aliyasema Mzee Shechambo katika kikao cha harusi, pale mwenyekiti alipotaka kadi za mwaliko zipelekwe mpaka Moshi na Dodoma ilhali shangazi za bibi harusi wenyewe hawajaambiwa hata tarehe. Wazee wakaguna, mwenyekiti akajikuna kichwa, kadi zikapunguzwa. Vijana wao walicheka tu. Kesho yake asubuhi, walipokuwa wakichambua mchele uani pamoja na Bi Mwanjaa, mmoja wao akauliza spika na kadi zinahusiana nini.

Bi Mwanjaa akapepeta ungo wake kwanza, bila haraka. "Mnacheka methali kama vile mmeizaa ninyi," akasema. "Chambueni vizuri, msiniachie mawe, nami nitawaambia ilikozaliwa." Na alivyowaambia ni hivi.

Huko milima ya Usambara kuna kijiji kinaitwa Kwezinga, kimekaa ukingoni kabisa mwa mlima. Mbele yake kuna bonde jembamba lenye kina kirefu, na ng'ambo ya bonde kuna kijiji kingine, Tambwe. Mtu wa Kwezinga akianika kanga nyekundu, mtu wa Tambwe anaiona. Lakini kumpelekea chumvi ni safari: ushuke migombani, uvuke kijito, upande tena, na ukifika umesahau ulichotumwa. Karibu kila alasiri ukungu huingia bondeni ukajaa na kutulia kama maziwa ndani ya kibuyu, na vijiji viwili vikabaki vinatazamana juu yake, kila kimoja kikiona mwenzake anaelea.

Kwa watu hawa harusi ilikuwa na sharti. Bibi harusi alipotolewa ndani aliimbiwa wimbo wa kumtoa, na kama alikuwa na shangazi mwimbaji, huyo ndiye aliyeuimba. Wimbo ule ulitakiwa ufike Tambwe. Wanawake wa kule walisikiliza mpaka mwisho wa ubeti wa tatu, wakapiga vigelegele, na vigelegele viliporudi Kwezinga watu walisema, "Ng'ambo wameitika." Hapo ndipo harusi ilipohesabiwa imekamilika. Bibi harusi ambaye ng'ambo hawakumwitikia aliolewa vilevile, akapika, akazaa, lakini siku ya kugombana na mtu kisimani angeambiwa kwamba harusi yake ilikuwa ya jikoni. Na mnajua maneno ya kisimani hayafutiki.

Enzi za ngoma kubwa sharti hilo halikumsumbua mtu. Ngoma zile zilisikika hata na wafu. Taabu ililetwa na magitaa.

Bendi ya Kwezinga iliitwa Umande Jazz, nayo ilikuwa ya watu watano. Hoza Shekalaghe alipiga gitaa na ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Shemdoe alipiga ngoma. Mwajabu, mdogo wake Hoza wa tumbo moja, aliimba. Wawili waliobaki walipiga vizuri, Mungu awarehemu, ila hadithi hii haiwahitaji. Vyombo vyao vilikuwa amplifaya moja iliyokula betri ya gari, maiki moja, na spika moja ndani ya sanduku la mbao alilolichonga Hoza mwenyewe. Sanduku hilo waliliweka katikati, wakalizunguka nusu duara kama watu wanaoota moto. Walichosikia wageni ndicho walichosikia wao. Mwajabu akiteleza kidogo alijisikia kabla ya mtu yeyote, akajiokota, na wimbo ukaendelea kana kwamba hapakuwa na utelezi.

Utamu wa bendi hiyo watu waliufuata hata kwa mvua. Lakini sauti yake ilifika zizini mwa mbuzi, basi. Wasichana wawili wakaolewa mfululizo bila kuitikiwa. Wa pili alilia mpaka wanja ukamchafua mashavu, na mama yake akaapa kwamba mdogo wa yule binti ataimbiwa na bendi ya mjini, yenye spika kubwa kama makabati.

"Tutakufa na utamu wetu," Hoza alimwambia Mwajabu. "Twende Tanga."

Wakaenda. Mwenye duka la vyombo vya muziki alikuwa mtu mpole aliyezoea kuuzia misikiti na bendi. Akawauliza wapo wangapi, akauliza pia wanapiga katika ukumbi wa ukubwa gani. Hoza hakujibu hata moja. Alipapasa spika moja baada ya nyingine kama anayenunua ng'ombe, kisha akauliza, "Hii inafika wapi?"

"Inategemea unataka asikie nani."

"Wa ng'ambo."

Mwenye duka akatazama nje kuitafuta hiyo ng'ambo, akaona posta. "Kwa spika mbili," akasema kwa uangalifu, "wa ng'ambo atasikia upepo ukiwa rafiki. Kwa nne atasikia hata akiwa amelala."

Mwajabu alipewa maiki ajaribu. Akaimba mstari mmoja tu, na sauti yake ikatoka ikajaza duka, ikamwagika barabarani, na mwanamume aliyekuwa akisukuma mkokoteni akausimamisha. Mwajabu aliirudisha maiki haraka. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa mkubwa kiasi kile, na kusema kweli alifurahi mpaka akaona haya.

Walinunua mbili, pamoja na mixa ndogo ya kuchanganyia sauti na jenereta. Hoza akazipandisha juu ya nguzo ukingoni mwa uwanja wa harusi, zikitazama bonde, na bendi ikakaa nyuma ya spika hizo. Wageni walioalikwa wakawa wanasikia migongo ya spika, lakini hapakuwa na aliyelalamika, kwa sababu siku hiyo, kwa mbali sana, kama ndege wanaopita, vigelegele vya Tambwe vilirudi. Wazee walilia. Shemdoe aliinuka akaicheza ngoma yake mwenyewe.

Asali haichovywi mara moja. Ikaja harusi ya siku ya upepo, ng'ambo wakasikia nusu. Hoza akaenda Tanga, akarudi na spika mbili nyingine. Zilikuwa nne sasa, zote zimepangwa ukingoni, zote zinatazama ng'ambo. Ni hapo jambo la ajabu lilipoanza.

Mwajabu aliimba mstari wa kwanza, na ndani ya ukungu mtu akaupokea. Aliuimba tena, taratibu, kwa sauti laini kuliko ya Mwajabu mwenyewe. Mwajabu alipouleta wa pili, yule mtu akaupokea na huo. Mwajabu alipenda kuwa na mwenzi huyo. Alihisi kama yuko na dada ambaye hakuzaliwa naye, amekaa mahali peupe pasipo na ardhi, anamsubiri. Basi naye akaanza kumsubiri. Alimaliza mstari, akamwachia nafasi, na yule alipomaliza ndipo Mwajabu akaendelea. Shemdoe, ambaye siku zote alipiga akitazama midomo ya Mwajabu, akasubiri vilevile. Gitaa likamsubiri Shemdoe.

Wimbo ukawa unapungua mwendo bila mtu kuupunguza. Mara ya kwanza watu walisema ni mtamu, unakulaza. Harusi iliyofuata ukawalaza kweli. Watoto walisinzia mikekani mchana kweupe. Mzee mmoja alikuwa akicheza, usingizi ukamkuta amesimama, mkono hewani, na hakuna aliyemcheka kwa kuwa wengi walikuwa njiani kumfuata. Bibi harusi, ambaye sharti atembee kwa hatua ya wimbo, alichukua muda mrefu kutoka mlangoni hadi mkekani mpaka bwana harusi akaletewa kiti. Pilau ikapoa. Na ng'ambo hawakuitika.

Hoza alisema sauti bado haitoshi. Akaongeza mbili, zikawa sita. Ikawa vibaya zaidi.

Kijiji kikaanza kutafuta mwenye kosa, na kijiji kikitafuta hakikosi. Mwanzo walisema Mwajabu amechoka. Baadaye walishusha sauti wakasema ni masikio. Mama yao Hoza na Mwajabu alikuwa ameingiwa na uziwi mapema, wakati bado anasonga ugali wake mwenyewe, na ugonjwa ulimwanza hivyo hivyo: alijibu kwa kuchelewa. Mwajabu aliyasikia maneno hayo, naam, aliyasikia vizuri sana, na yakamwingia. Akiwa peke yake jikoni aliangusha kijiko nyuma yake asikie kama kitalia. Kikalia. Alisikiliza maharage yanavyochemka, akasikia panya darini. Lakini akisimama mbele ya maiki, nyuma ya spika zile sita, alikuwa kama mtu anayeimba chini ya maji, na sauti pekee aliyoishika ni ya yule dada wa ukunguni, aliyekuwa nyuma siku zote. Akajiambia huenda uziwi huu una siku zake kama homa. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Wakati huo mjomba wa kijana mmoja wa Lushoto akaleta posa, na Kibibi, mtoto wa kwanza wa Hoza, akapata mchumba. Siku chache kabla ya harusi Hoza alikwenda kwa dada yake. Akasimama mlangoni mwa jiko, hakuingia.

"Mdogo wangu, nimekuja na neno."

"Naona," Mwajabu alisema. "Neno jepesi lingekuwa limeshakaa."

"Nimemwita binti mmoja wa Korogwe. Anaitwa Mwantumu. Ataimba na sisi Jumamosi."

Mwajabu aliendelea kukoroga. "Na wimbo wa kumtoa Kibibi?"

"Nimemfundisha."

"Shangazi yake mimi niko hai, kaka."

"Najua." Hoza aliutazama moto. "Mwajabu, unakumbuka mama alivyoanza. Sitaki watu wakucheke mbele ya mtoto."

"Watanicheka kwa kuwa nimezeeka, au kwa kuwa kaka yangu amenitoa?"

Mwajabu akaepua chungu, akafuta mikono kwa upande wa kanga. "Mtoto ni wako," akasema. "Kama siimbi, nitaitika. Nitakwenda Tambwe kwa wifi yangu Chausiku, nikaongoze vigelegele. Kibibi hatakosa ng'ambo kwa sababu yangu."

Hoza alipoondoka, Mwajabu alikaa chini akalia kama mtoto. Hapakuwa na wimbo mwingine aliowahi kuutamani kama huo. Alikuwa ameulea tangu Kibibi anatambaa, akiufanyia mazoezi na yule mtoto mwenyewe mgongoni, akimbeba kwenda mtoni.

Jumamosi alasiri ilimkuta ukingoni mwa Tambwe, pamoja na Chausiku na wanawake wengine, wamejifunga kanga mpya. Bonde lilikuwa limejaa ukungu mpaka juu. Kwezinga ilionekana ng'ambo kama kijiji kilichochorwa: nyumba, watu wadogo, na kile kistari cheusi cha spika sita zimejipanga zinawatazama. Kisha wimbo wa kumtoa ukaja.

Mwantumu alikuwa na sauti ya ujana, safi, na alianza kwa mwendo mzuri. Mwajabu akapanga ulimi tayari. Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ukachelewa kidogo. Wa nne ukachelewa zaidi. Ubeti wa kwanza ulipoisha, wimbo ulikuwa umeshaanza kukokota miguu, na wanawake wa Tambwe wakatazamana.

"Ndiyo wimbo wenu wa siku hizi," Chausiku alisema kwa upole. "Tunangoja mwisho wa ubeti wa tatu, haufiki. Kigelegele tutakitia wapi, wifi? Mara ya mwisho tulichoka tukaenda kuchota maji."

Mwajabu alikaza macho ng'ambo. Alikuwa akimfikiria yule binti. Binti wa umri ule, mama yake labda bado anasikia mpaka chungu kikipasuka nyumba ya tatu, naye amepatwa na ugonjwa uleule, kwenye wimbo uleule. Ugonjwa gani huu unaoambukiza kwa kusimama mahali? Akavua viatu, akavishika mkononi.

"Chausiku, nakuachia vigelegele. Wewe usiende kuchota maji leo."

"Na wewe waenda wapi na ukungu huu?"

"Nyumbani."

Akashuka. Njia ya migombani aliijua kwa nyayo, na ilikuwa heri, kwa maana macho hayakumsaidia kitu. Ukungu ulimmeza kichwa. Majani ya migomba yalitokea mbele yake, yakamgusa bega, yakapotea. Wimbo ulikuwa ukimfuata na kumtangulia, haukuwa na upande, na ulikuwa umelegea kiasi kwamba Mwajabu alijikuta anashuka kwa hatua yake, kama anayetembea usingizini. Alijikaza akaharakisha.

Chini kabisa, alipokanyaga jiwe la kwanza la kijito, alisimama.

Juu mbele yake, kutoka Kwezinga, Mwantumu aliimba mstari. Akanyamaza. Na juu nyuma yake, kutoka mlima wa Tambwe, ambako Mwajabu alijua hakuna mwimbaji yeyote, Mwantumu aliuimba tena mstari uleule. Ngoma ya Shemdoe nayo ililia mbele, ikalia nyuma. Mwantumu wa mbele alimngoja wa nyuma amalize. Wa nyuma hakuwa na la kusema mpaka wa mbele aseme. Walikuwa kama wageni wawili wenye adabu mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe, na harusi nzima imekwama kizingitini.

Mwajabu alisimama juu ya jiwe, maji yakimpita miguuni, akasikiliza mstari mwingine uende na urudi. Kisha akacheka peke yake. Dada yake wa ukunguni ndiye huyo. Alikuwa mlima. Spika ndogo ya zamani haikuufikia mlima wa Tambwe, kwa hiyo mlima haukuwahi kusema neno. Hizi sita ziliufikia, nao ukarudisha kila ulichopewa, kwa wakati wake wenyewe. Na yeye, Mwajabu, alikuwa amesimama nyuma ya kelele zote hizo bila kusikia sauti yake ikitoka, akashika iliyokuwa ikirudi. Masikio yake yalikuwa mazima. Furaha aliyoipata ilimtoa machozi, akanawa uso na maji ya kijito, akaanza kupanda mbio.

Alipotokeza uwanjani, kanga imelowa mpaka magotini, alikuta watu wamesinzia na wengine wamenuna. Kibibi alikuwa mlangoni, amefunikwa, mguu mmoja nje na mwingine ndani, anangoja mstari umruhusu kupiga hatua ya pili. Wasichana walioshika kanga juu ya kichwa chake walikuwa wanabadilishana mikono. Mwantumu alikuwa amekodoa macho bondeni kama anayesoma kitu mbali. Na Hoza, gitaa kifuani, jasho linamtiririka.

Mwajabu hakuwasalimu wageni. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Kaka, geuza spika moja itutazame sisi."

Hoza alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje? Ng'ambo hawajaitika bado, wewe unataka nipunguze sauti?"

"Hawajaitika kwa kuwa hatujawapa pa kuitikia. Nimetoka huko sasa hivi, tope hili ni la kijitoni. Wanasikia mpaka unavyokohoa. Sauti inawatosha na kubaki."

"Basi tatizo nini?"

"Hapa hakuna anayejisikia. Kila spika imetazama bondeni. Tunachokishika sisi ni kile mlima unachoturudishia, na mlima unachelewa. Tunaungoja, kaka. Harusi yote hii inaungoja mlima."

"Mwajabu, tunajua tunachopiga. Miaka yote hii tunapiga."

"Zamani tulijua. Tulikuwa tunasikia."

Hoza akageuka kuzitazama spika zake. Alizichagua mwenyewe, akazipandisha mlimani kwa mabega ya watu, akazipanga kwa mkono wake ili jina la Kwezinga lifike. Zote sita zilikuwa zimempa mgongo. Wimbo nao ukafa kimyakimya, hakuna aliyeona ulipofia.

"Na masikio yako?" akauliza, sauti chini.

"Yalikuwa yananiambia kweli siku zote. Mimi ndiye niliyewaamini watu kuliko masikio yangu."

Hoza akaweka gitaa chini. Hakumwita mtu amsaidie. Alikwenda kwenye spika ya katikati, akaikumbatia, akaishusha kwenye nguzo, akaja nayo mpaka miguuni mwa maiki, akaielekeza kwao. Kisha akasimama pembeni na hakujua aweke wapi mikono yake.

Mwantumu alikuwa ameyasikia yote. Akamkabidhi Mwajabu maiki kwa mikono miwili. "Nilidhani nimeingiwa na homa," alisema. "Wimbo ulikuwa unaniponyoka. Shangazi wa bibi harusi ni wewe? Basi chukua, huu ni wenu."

Mwajabu alivuta pumzi. Shemdoe akagonga. Na alipofungua kinywa, sauti ikamjia usoni.

Ilikuwa na mikwaruzo ya kupanda mlima. Ilikuwa imeshuka kidogo kuliko alivyoikumbuka, na mstari wa kwanza aliukosea, akasikia kwamba ameukosea, akajiokota kabla ya mstari wa pili. Alikuwa hajajisikia tangu siku nyingi, na alijikaribisha kama mtu anayefungua mlango akamkuta aliyemtafuta. Ngoma ikakaa palepale midomo yake ilipokuwa. Hoza akaliokota gitaa lake, nalo likaingia. Waliosinzia wakajikuta wanatikisa mguu kabla ya kufumbua macho. Kibibi akavuka kizingiti, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wasichana wenye kanga wakaanza kucheka kwa sababu sasa ilibidi wakimbilie kumfuata.

Mlima wa Tambwe nao ulijibu, kwa kuchelewa kama kawaida yake, huko ndani ya ukungu. Mwajabu aliusikia. Aliuacha uimbe, yeye akaendelea na safari yake.

Ubeti wa tatu ulipoisha alinyamaza, na bendi ikanyamaza, na uwanja mzima ukasikiliza weupe ule uliojaa bondeni. Kisha vikaja, vyembamba, vingi, Chausiku akiwa mbele yao, vigelegele vya ng'ambo. Kibibi alikuwa amefika mkekani. Chini ya kanga yake mabega yalimtetemeka, na mama yake aliyeinama kumchungulia alipoinuka alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Haikuishia hapo, maana Hoza alikuwa mkubwa wa ukoo, na wakubwa wa ukoo huo samahani huwakwama kooni kama mwiba wa samaki. Siku ile hakusema kitu. Kesho yake pia hakusema. Siku ya tatu bwana harusi alikuja kumchukua mkewe. Alikuwa kijana mwenye bidii, ana duka Lushoto na mipango ya kufungua jingine Arusha, na jingine tena baada ya hilo. Watu walikaa, na Hoza akainuka katikati kutoa wasia, wageni na wanaume mbele yake, wanawake nyuma yake.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "utakua, naliona hilo. Jina lako litafika mbali, nami naliombea lifike. Ila chukua neno moja kwangu. Ukiongeza spika, moja igeuzie ndani." Akawazungushia wageni macho. "Mimi niliongeza nikaongeza, zote nikazielekeza kwa watu wa mbali. Wa mbali wakanisikia. Wangu niliokuwa nao bega kwa bega sikuwasikia, na mmoja wao nikamtoa kwenye wimbo wa mwanangu kwa kosa lisilo lake."

Mwajabu alikuwa amekaa nyuma kabisa na wanawake wenzake, na maneno hayo aliyangoja tangu siku ile jikoni. Kila neno lilimfika. Hata hivyo akainua shingo, akasema bila kupandisha sauti:

"Kaka, sisi wa huku nyuma hatujasikia vizuri."

Vicheko vikapita miongoni mwa wanawake. Hoza akawapa mgongo wageni, akamgeukia dada yake, akasema taratibu, kwa sauti ya ndani ya nyumba:

"Ukiongeza spika, moja igeuzie ndani."